Wolla Haangushwi kwa Waya

Kambi ya sinema, Sinduri
14 Aprili 1971

Kwa Oksim, mpwa wangu mwenye macho ya kusoma,

Kwanza kabisa mwambie mama yako auweke chini ule mpini wa jembe. Najua ameushika. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, namjua huu mwaka wa arobaini na nne, na mpini wenyewe naujua kuliko ninavyomjua yeye. Wolla hakuibwa. Farasi huibwa na mwizi. Akichukuliwa na mjomba, ameazimwa.

Tulivuka salama. Bahari ilichafuka hata manahodha watatu wakatapika, tukabaki tumesimama mimi na Wolla tu. Nahodha mkuu alinipa usukani kwa mkono wake. Sikuutaka, lakini abiria walilia.

Sasa sikiliza. Hii ni filamu ya kauboi, na usidhani ni zile za Wamarekani, wale wanaonyoa ndevu kila asubuhi. Hii inafuata nyayo za Waitaliano, zile nilizokuhadithia: mtu kavaa blanketi lenye tundu la kichwa, anatafuna sigara, hasemi, jasho linamchuruzika, na kamera inamsogelea mpaka unaweza kuhesabu kope zake. Mwongozaji wetu, Bwana Tak, amezitazama mara sitini. Halafu akapiga meza akasema, "Kwani sisi hatukuwa na jangwa? Babu zetu hawakupanda farasi Manchuria, huku Wajapani na majambazi wakiwawinda?" Na kwa kuwa Manchuria iko Uchina, na siku hizi haiendeki, Manchuria tumeileta hapa, kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya magharibi. Jua likigoma, mvua ikinyesha, tunakaa ndani ya mahema na mablanketi yetu tukifanana na wajane.

Farasi wametoka kisiwani kwetu Jeju, wote thelathini. Unajua kwa nini? Kwa sababu nyota wa filamu, Pyo Gwang-il, ni mfupi. Mpandishe farasi mrefu wa kigeni, anakuwa bundi juu ya nguzo. Mpandishe farasi wetu, anakuwa jitu. Na katika wote thelathini amemchagua Wolla, kwa yale mabaka yake meupe. Pyo huonyesha uso. Mwili ni wangu. Ukiona mtu anapaa juu ya farasi, huyo ni mjomba wako.

Mkataba nimeupiga muhuri mwenyewe. Kurasa tatu, herufi za Kichina tupu, zile za wakubwa. Niliusoma wote. Nakutumia nakala muibandike ukutani. Kabla ya kupanda mawele tumerudi.

Bu Mansik,
Mwili wa Nyota, Mlinzi Mkuu wa Farasi wa Manchuria

*

Songdang, Jeju
27 Aprili 1971

Mjomba, shikamoo. Hiyo ni heshima ya umri, si ya matendo.

Mtoto wa jirani yetu Mama Goh, aliyeko jeshini, lori lao lilipita hapo kwenu. Anasema alikuona. Anasema Mlinzi Mkuu wa Farasi alikuwa na ndoo mbili za mavi, na juu ya hapo alikuwa amebandikwa masharubu. Alipouliza, akaambiwa huyo ni mzee wa Jeju anayekufa. Ati kufikia siku ile ulikuwa umeshakufa mara kumi na moja, kila mara na masharubu mengine.

Tulicheka mpaka Mama naye akageuka ukutani ili tusimwone. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu Mwalimu Kang alikuja akausoma huo mkataba.

Mjomba, hukuusoma. Ulitambua herufi ya farasi na herufi ya jina lako, ukapiga muhuri. Ukurasa wa tatu unasema hivi: siku ya mwisho ya kupiga picha, farasi jike wa mabaka ataangushwa kwa waya akiwa mbioni, na mwenye muhuri amekubali, farasi akivunjika au akifa, hatadai kitu. Mwalimu alirudia mara mbili. Aliinua miwani akaniuliza, "Mjomba wako anajua waya ni nini?"

Sitaki kukufundisha, lakini nitakukumbusha. Wolla alizaliwa mikononi mwa Baba, majira ya baridi, miaka kadhaa kabla Baba hajafa. Udongo wetu ni mwepesi kama majivu. Tukimwaga mbegu za mawele bila farasi kukanyaga, upepo unazihamishia baharini, na tutakula majani ya figili mpaka mwaka mwingine. Na farasi wa kijiji hawamfuati mwingine shambani isipokuwa yeye.

Mrudishe, Mjomba. Usinijibu kwa manahodha.

Hyon Oksim

*

Sinduri
9 Mei 1971

Oksim,

Huyo mwanajeshi haoni vizuri. Ndiyo maana wamempa lori na si bunduki. Ndoo ilikuwa moja.

Kuhusu mkataba, nilicheka sana. Nilisema moyoni, Mwalimu Kang hajawahi kukanyaga sinema, atajua nini. Nikaenda kwa Eom, msaidizi wa mwongozaji, nimwambie jinsi mwalimu wetu alivyozeeka macho. Na Eom naye akacheka, ila si pale nilipotaka acheke.

"Mzee Bu," akaniambia, "kwani ulidhani farasi wa Waitaliano huanguka kwa aibu?"

Akanipeleka kuona. Ni waya mwembamba, hauonekani kwenye picha. Unafungwa miguu ya mbele, ncha nyingine inafungwa kwenye kigingi kilichozikwa mchangani. Farasi anapigwa mbio kwa raha zake mpaka waya unapoisha. Siku hiyo walikuwa wanaujaribu kwa yule wa kahawia kutoka Seongsan.

Siandiki nilichokiona. Yule wa kahawia hatarudi Seongsan.

Siku ile sikumhadithia mtu kitu. Pyo Gwang-il mwenyewe aliniuliza kama naumwa.

Kutoroka hakuwezekani. Malori ni yao, meli wanaijua, na muhuri ni wangu. Lakini andika hili mahali: mimi, Bu Mansik, nitamrudisha Wolla akitembea kwa miguu yake minne. Nimeahidi vitu vingi katika maisha yangu, najua. Hiki nimekiahidi kwa mdomo mtupu, bila pombe.

Bu Mansik,
Mwili wa Nyota

*

Songdang
16 Mei 1971

Mjomba,

Nilimsomea Mama. Alikuwa anashona wavu wake wa kuzamia, akajifanya hasikii, na sindano ikasimama. Kisha akasema, "Mansik hajawahi kumaliza hata ukuta wa mawe. Mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Sikupamba.

Akaendelea, "Mbegu ziko kwenye gunia. Wakirudi wawili tutapanda. Akirudi mmoja, basi awe Wolla."

Oksim

*

Sinduri
12 Juni 1971

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana leo nina mambo ya kukaa.

Juzi ilikuwa siku ya mbio kubwa. Wapanda farasi ishirini na tisa, majambazi na wapigania uhuru wamechanganyika, mizinga ya Wajapani inalipuka nyuma yetu, na mimi mbele kabisa juu ya Wolla, blanketi la Pyo mabegani, kofia ya Pyo mpaka puani. Nitakueleza ukweli, na uuhifadhi vizuri kwa sababu sina mwingi: niliogopa. Mizinga ile ni ya baruti tupu, lakini mchanga wake unauma. Na nikiogopa huwa naimba. Bila kufikiri nikaanza kuimba wimbo wetu wa kukanyaga shamba.

Oksim! Wolla akalegeza masikio. Akaacha mbio. Akashusha kichwa, akaanza kukanyaga, hatua fupi fupi, kwato moja baada ya nyingine, kama kuna mbegu chini. Na wale ishirini na wanane nyuma yake, wote wa Jeju, wote wanaokanyaga mashamba tangu wana miaka miwili! Wakasongamana bega kwa bega wakamfuata. Majambazi wanawapiga mateke, wapigania uhuru wanavuta hatamu, mizinga inalia, na farasi hawana habari. Tukaizunguka Manchuria yote tunaipandia mawele.

Mwongozaji Tak alitupa kipaza sauti chini. "Hawa ni majambazi au wakulima?"

Eom akasema, "Ni yule mzee, mkuu. Yule anayekufa. Anaimba."

Nikaitwa. Nilikwenda na masharubu yananing'inia upande mmoja. Na pale, mpwa wangu, badala ya kupiga magoti, mdomo wangu ulifanya kazi yake ya siku zote.

Nikasema, "Mkuu, umeona jinsi anavyonisikia. Ya nini waya? Niambie unataka nini, nitamwimbia."

"Nataka aanguke."

"Ataanguka."

"Aanguke kabisa, ubavu mchangani, mbele ya kamera, mtu akiwa juu yake."

"Kwa neno langu moja hulala kama mtoto aliyeshiba."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama watu wa filamu zake wanavyotazamana. "Kambi nzima inaniambia wewe ni mwongo."

"Ni kweli, mkuu. Lakini huyu farasi si mwongo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mkanda wa filamu uliobaki unatosha mara moja. Tarehe ishirini na sita. Waya utafungwa kama ulivyopangwa, kigingi nitakipaka rangi nyekundu ukione. Akilala kabla waya haujaisha, filamu yangu imeisha na farasi ni wako. Asipolala, waya utamlaza. Umekubali?"

Nilikubali mbele ya watu themanini.

Sasa, kaa nawe. Wolla hajawahi kulala kwa neno langu. Hata mara moja. Nilisikia tu kwamba kwa marehemu baba yako alikuwa akilala. Tangu juzi nimejaribu asubuhi na jioni. Naimba wimbo wote ninaoujua, tangu mwanzo. Anakanyaga, anazunguka, halafu anasimama, anageuza shingo na kunitazama, kama mtu anayesubiri maji na umemletea bakuli tupu.

Baba yako alikuwa akifanya nini? Muulize mama yako. Nimebakiwa na siku kumi na nne.

Mansik,
Mwili wa mtu

*

Songdang
18 Juni 1971

Mjomba,

Barua yako ilifika asubuhi na hii inaondoka mchana. Mtoto wa posta anasubiri mlangoni.

Niliposoma pale Wolla anapogeuza shingo, Mama aliweka wavu chini. Akasema, "Anasubiri mstari wa mwisho. Na yule mpumbavu haujui."

Huujui, Mjomba, kwa sababu hujawahi kuusikia. Nimekumbuka mwaka kwa mwaka. Kila tulipokaribia kufunga shamba ulikuwa umekwenda kutafuta kamba, au maji, au kiberiti. Kiberiti cha mwaka wa sitini na tatu Mama bado anakisubiri. Wewe ulikuwa unaimba mwanzo, ambapo watu wote wanakusikia. Mwisho aliuimba Baba, peke yake, watu wakiwa wameshaanza kuosha miguu.

Ni huu. Mama ameutamka, nami nimeandika, na aliutamka kwa sauti ambayo sijamsikia nayo miaka mitano:

*Upepo, shamba limefungwa, kalale kwingine;*
*mbegu, fumba macho, umefunikwa vyema;*
*na wewe uliyetubeba, shuka, shuka chini,*
*mgongo ni wako sasa, mgongo ni wako.*

Kwenye "shuka" ya kwanza Baba alilegeza mkanda wa tumboni. Kwenye "mgongo ni wako" aliondoa uzito wake. Hapo Wolla hukunja magoti, akalala ubavu, akajigaragaza vumbini mpaka aridhike.

Lakini sikiliza kwa makini. Mama anasema: Wolla hadanganyiki. Baba hakuuimba mstari ule hata siku moja kabla shamba halijaisha. Kona moja ikibaki, hata awe amechoka vipi, farasi anajua na halali. Ukimpeleka pale ukamwimbia tu kama unavyowahadithia watu, atakutazama, na waya utaisha.

Kwa hiyo unajua cha kufanya. Na unajua kwamba ni kitu ambacho hujawahi kukifanya.

Mama anasema, na hili nalo sipambi: "Mwambie akanyage mpaka kwenye kona."

Oksim

*

SIMU YA MAANDISHI
27 JUNI 1971

AMELALA. WAYA HAUKUISHA. TUNAKUJA WAWILI. TOENI GUNIA LA MBEGU. MANSIK

*

Mji wa Jeju
8 Oktoba 1971

Mjomba, shikamoo. Ya leo ni ya vyote viwili, umri na matendo.

Chumba nilichopanga ni kizuri, na kazi ya kuunganisha simu nimeizoea, ingawa siku nzima nasikia watu wakigombana na siruhusiwi kuingilia. Mwambie Mama nakula.

Jumapili nilikwenda kuitazama filamu yako. Sikuwaambia kabla, maana nilitaka kuiona bila wewe kunong'ona sikioni mwangu.

Uliposhuka melini ule mwezi wa saba na mguu kwenye plasta mpaka gotini, ulituambia kwamba uliruka kutoka tuta refu kama mnara wa pagoda, ukaangukia majambazi sita. Mama alikuuliza, "Na wa saba?" ukasema alikimbia. Tukacheka, hakuna aliyekuuliza zaidi. Siku tatu baadaye ukapandishwa juu ya ukuta wa mawe, mguu umenyooshwa kama mkono wa mzani, ukaimba tangu jua linachomoza. Wolla akaongoza. Nilikuwa nakuchungulia, Mjomba. Ilipobaki kona ya mashariki nilisema moyoni, sasa ataomba kiberiti. Hukuomba. Nilidhani ni kwa sababu ya mguu.

Sasa nimejua si mguu.

Filamu ni kama ulivyosema. Pyo Gwang-il anatafuna sigara, jasho, macho, kope, filimbi inalia, upepo. Umekufa mara kumi na tatu. Nilikutambua mara tisa. Watu walipiga makofi ulipokufa na masharubu mekundu. Mbio zile za kukanyaga nazo hawakuzikata. Wakazifanya ni farasi wamezingirwa na Wajapani, na vikongwe waliokaa mbele yangu wakaanza kuimba wimbo wetu wenyewe kwa wenyewe, mlinzi akaja kuwanyamazisha, akashindwa.

Kisha ikaja ile ya mwisho. Pyo amesimama chini, maadui wawili mkabala naye, kila mmoja ameweka mkono kiunoni. Nyuma yao ni tuta. Mtu mmoja karibu yangu akamwambia mkewe, "Mbona jangwa la Manchuria limesawazishwa hivi, kama sakafu?"

Nikalitazama hilo tuta. Halikuwa na hata shimo. Lote lilikuwa limekanyagwa, mstari kwa mstari, upana wake wote, hadi kwenye ukingo, hadi kwenye kona. Mtu hawezi kufanya vile kwa saa moja. Hawezi kufanya kwa siku moja. Mjomba, tangu barua yangu ikufikie mpaka siku ile ulikuwa unakanyaga mchanga. Ulilima Manchuria nzima kwa ajili ya mstari mmoja. Na kati ya hadithi zako zote, hiyo hujamwambia mtu.

Halafu mnatokea, wewe na Wolla, safari hii wewe ni adui wa tatu, mnashuka. Niliona kigingi, ncha nyekundu kidogo, upande wa kulia. Nilishika mkono wa msichana nisiyemjua. Bunduki ikalia. Na Wolla akakunja magoti taratibu, mbali na kigingi kama urefu wa nyumba yetu, akalala. Mkono wako uko kwenye mkanda wa tandiko. Mguu wako ulikuwa bado kwenye kikuku cha kupandia, na akaulalia. Ungeweza kuutoa, nadhani. Ungeruka mapema, angeinuka. Hukuruka.

Sauti yako haipo. Siku hizi nimejua kwamba sauti zote hutiwa baadaye studio, na pale wametia risasi na filimbi. Ukumbi mzima ulisikia filimbi. Lakini kofia ilikuwa imeanguka, na kamera iko karibu, jinsi anavyopenda Bwana Tak, na midomo yako ilikuwa inasogea. Nikaisoma. Nilikuwa mtu mmoja tu katika ukumbi ule niliyejua ilichokuwa inasema, nami nikakiimba pamoja nawe mpaka mwisho.

Mama mmoja alikuwa analia. "Maskini farasi," anasema, "wamemuua."

Nikamgusa bega. "Hajafa, shangazi. Mgongo ni wake sasa. Yuko nyumbani anakula."

Mpwa wako,
Oksim

*

Songdang
15 Oktoba 1971

Oksim,

Nilimsomea mama yako barua yako. Nilisoma pole pole kwa sababu ya macho, usifikirie jingine.

Wolla mzima. Mawele yamebeba vichwa mpaka yanainama. Mama Goh kaja kuyatazama mara tatu akijifanya anatafuta kuku. Ukuta wa upande wa kaskazini nimeumaliza. Ukija nyumbani kamwambie Mwalimu Kang aje aukague, na miwani.

Tulipomaliza kusoma, mama yako aliikunja barua. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kile anachoulizwa mtu na dada yake: "Mansik, kule mchangani ilikuwaje hasa?"

Nikafungua mdomo. Majambazi sita walikuwa tayari, mpwa wangu, wamepanga mstari, na wa saba alikuwa anarudi na wenzake. Nikawaona wote. Nikaufunga mdomo, nikaufungua tena.

Nikamwambia, "Nilikaa mpaka mwisho."

Alichukua bakuli lake la uji wa mawele mapya, akanisogezea upande wangu wa meza, na kwenye trei, kando ya kijiko, akaweka kiberiti.

Mjomba wako,
Mansik